Jina Lake kwa Mkono Wangu

Orodha ilibandikwa Jumatano asubuhi kwenye ubao wa idara, na mimi wala sikwenda kuisoma. Nilikuwa nakwenda kunawa mikono. Choo cha wasichana kiko nyuma ya ule ubao, na nilikuwa napita tu, begi begani, nikiwaza kama nitawahi chapati moto kabla foleni ya kantini haijafika mlangoni, niliposikia komredi mmoja, ndivyo tunavyoitana wanafunzi wa chuo, akimwambia mwenzake, "Woi, hii namba si ni ya yule dem wa mbele?"

Nikasimama. Dem wa mbele ni mimi. Tangu mwaka wa kwanza nimekaa safu ya pili, si kwa bidii, ni kwa sababu nikikaa nyuma situlii. Naanza kuangalia dirisha, naanza kutikisa mguu hadi benchi lote linatikisika na watu wananilalamikia.

Nikasogea. Ilikuwa karatasi moja iliyopigwa chapa: wanafunzi wasioruhusiwa kufanya mtihani wa Mbinu za Utafiti kwa kukosa masomo. Namba ya saba ilikuwa yangu. Nikaisoma kwa kidole, tarakimu moja moja, kisha nikairudia. Bado ilikuwa yangu.

Halafu nikatafuta namba nyingine, ya rafiki yangu, ninayoijua kuliko ya kitambulisho changu, maana nimeiandika mara nyingi kuliko mtu yeyote, hata yeye mwenyewe. Haikuwepo. Yeye alikuwa ameruhusiwa. Mtu aliyeingia darasani mara tatu muhula mzima, na mojawapo ya hizo tatu alikuja kuchukua chaja yake, ameruhusiwa. Mimi niliyekosa siku moja tu, ile ya mazishi ya mjomba, nimezuiwa.

Nilicheka. Sijui kwa nini. Nilicheka hadi yule komredi akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko poa, nikaingia chooni, nikafunga mlango.

Acha nieleze, maana nikiwasimulia watu wa nje ya chuo hudhani natunga. Chuo chetu ni kikubwa, cha serikali, na yuniti ile, yaani somo la Mbinu za Utafiti, ilikuwa ya watu wa vitivo vitatu waliojazwa kwenye ukumbi mmoja. Wengine walikaa kwenye ngazi. Sheria ni kwamba ukikosa zaidi ya theluthi ya masomo, mtihani huufanyi. Sasa mhadhiri, tuliyemwita Daktari tu, atawajuaje watu wote hao? Anapitisha karatasi tupu za fulskapu, kila mtu anaandika jina, namba ya usajili na sahihi, mwisho wa kipindi anazikusanya. Na pale pana karatasi tupu na umati, pana kusainiana. Hakuna komredi asiyejua. Unaamka na homa, au umekwama Mwihoko kwa sababu mvua imegeuza njia kuwa mto, unatuma ujumbe wa neno moja: nisainie. Na mwenzako anakusainia, kwa sababu kesho ni zamu yake. Mwaka wa pili nilipougua tetekuwanga, yeye ndiye aliyenisainia wiki tatu, akaniandikia na madokezo, akaniletea hadi nyumbani kwetu Gitothua, hukohuko Ruiru, akiwa amejifunga leso puani. Mama alimpenda tangu siku hiyo.

Kwa hiyo mwaka wa nne aliponiambia amepata kazi Thika, kwenye ile hoteli ya zamani kando ya maporomoko ya Chania, na zamu zake zinaangukia siku za yuniti ile, sikufikiri mara mbili. Alikuwa amekwenda pale kufanya mazoezi ya kazi, wakampenda, wakambakiza. Nyumba yao ilimtegemea yeye. Nyanya yake aliyemlea alikuwa kitandani tangu mwaka uliotangulia, na hapakuwa na mtu mwingine.

"Nisainie tu hadi muhula uishe," aliniambia. "Nitasoma mwenyewe. Wallahi nitasoma."

Na kweli alisoma. Sitamsingizia. Madokezo yangu aliyapiga picha yote, na wakati mwingine alinieleza mambo niliyoyaandika bila kuyaelewa.

Kosa ni langu, na nilipokuwa nimejifungia chooni siku ile niliweza kulitazama lote. Mimi nina woga wa kukamatwa. Wenzangu huandika majina mawili, matatu, moja chini ya lingine, kwa kalamu ileile, na hakuna kinachowapata. Mimi nilijitungia utaratibu. Karatasi zilikuwa mbili: moja ilianzia mbele kushoto, ilipo safu yetu, nyingine ilianzia nyuma. Nikaapa kwamba mwandiko wangu hautatokea mara mbili kwenye karatasi moja. Ile ya mbele nilimwandika yeye, hata zile siku tatu alipokuja, ili mwandiko usibadilike, kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko wa kulala ambao nilikuwa nimeuzoesha mkono. Ile ya nyuma ikinifikia, najiandika mimi kwa kalamu ya bluu.

Ikinifikia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Karatasi inayoanzia nyuma ya ukumbi kama ule hupita kwenye mikono ya watu wote hao, wengine wanawasainia wenzao watano, mwingine anasahau anaikalia, na saa inakwisha iko katikati. Mhadhiri anaitisha, inapelekwa mbele kwa njia ya pembeni, mimi naiona ikinipita. Mara ya kwanza nilishtuka. Mara ya pili nikajiambia si neno, Daktari ananijua. Mara ya tatu hata sikujiambia kitu.

Na kweli Daktari alinijua! Alikuwa mama wa makamo mwenye sweta la kijani na chupa ya chai aliyokwenda nayo kila mahali, na kila wiki aliniashiria kwa kidevu nikamuunganishie waya wa projekta. Mtu anayekuashiria kwa kidevu mbele ya ukumbi mzima, utamfikiria atakuandika umekosa? Isitoshe, kila jioni ya siku ile simu yangu iliita, mwenzangu akiuliza, "Umenisainia?" Nami nilimjibu ndiyo kwa raha ya mtu aliyefikisha amana. Hakuna aliyenipigia kuniuliza kama nimejisainia mwenyewe.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Yuniti ile hufundishwa mara moja kwa mwaka. Kuikosa ni kubaki chuo mwaka mwingine mzima kwa ajili ya somo moja, wenzako wakivaa majoho wewe ukiwa umekaa kwa mama. Na mama yangu, fundi wa kushona sare za shule pale Ruiru, alikuwa ameshamtangazia kila mteja. Alikuwa amenunua kitambaa cha gauni lake la mahafali, cha rangi ya zambarau, amekitundika ukutani juu ya cherehani, na anayeingia akitaka sketi ya mtoto lazima kwanza akishike na kukisifu. Jioni ile nilipofika nyumbani nilikikuta amekishusha, anakipima begani mbele ya kioo.

"Kola niweke ama niache wazi?" akaniuliza.

"Weka," nikasema, nikatoka nje. Nilizunguka uani mwa ploti yetu kama kuku anayetafuta pa kutaga. Jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Alhamisi saa mbili nilikuwa mlangoni kwa Daktari. Alikuja saa tano. Masaa matatu nilikaa, nikasimama, nikasoma matangazo yote ya korido ile, hata la mbwa aliyepotea. Alipofika alinitazama, akafungua mlango, akaweka chupa yake mezani.

"Wewe nakujua. Wewe ndiye wa waya."

"Ndiyo, Daktari." Nilisikia moyo ukitulia kidogo. "Niko kwenye orodha ya waliozuiwa, na mimi huwa nakuja kila wiki."

Hakubisha. Alivuta faili nene, akafungua. Karatasi zote za muhula zilikuwemo, wiki kwa wiki, zimetobolewa na kupangwa. Nani angedhani! Sisi tuliamini zile karatasi zinafungiwa maandazi. Akaanza kupekua, ulimi nje kidogo kwenye pembe ya mdomo, akitafuta namba yangu kwa penseli.

"Uko hapa. Na hapa." Akapekua. "Hapa hauko. Hapa hauko. Hapa pia, hauko." Alifika mwisho. "Mara sita. Mbona hukusaini?"

"Karatasi haikunifikia."

"Mara zote hizo?"

Nikaitazama chupa yake.

"Msichana, mimi nimewafundisha nini muhula huu wote? Ulichokiona na hukukiandika, huwezi kumletea mwingine ukamwambia akiamini. Nikikutoa kwenye orodha kwa sababu nauona uso wako, hao wengine kumi na mbili nitawaambia nini? Wao pia wana nyuso."

Machozi yakaanza kunisumbua na nikakasirika kwa kusumbuliwa nayo. Daktari aliona. Akarudi kwenye faili, safari hii polepole, akaweka ncha ya penseli kwenye jina moja.

"Ngoja. Hii karatasi huanzia safu yenu. Huyu hapa amekosa wiki moja tu, na mwandiko safi. Huyu lazima ndiye jirani yako." Akalisoma jina kamili la rafiki yangu. "Mlete. Aniandikie kwa mkono wake kwamba mlikuwa mnakaa pamoja, atie sahihi, na mimi nitakutoa. Kesho kabla ya saa sita. Jioni naipeleka orodha, na ikishakwenda mimi siwezi kuigusa."

Ngai! Mwandiko safi ulikuwa wangu. Kila wiki niliyokuwepo ilikuwa imeandikwa pale kwa kalamu nyeusi, kwa mkono wangu, ila kwa jina lake. Nilitaka kupiga kelele: Daktari, ni mimi huyo! Unaninyooshea penseli! Lakini nikisema hivyo, nimekiri kughushi, na yeye nimemchoma. Kamati ya nidhamu ya chuo chetu haina utani, watu wamewahi kurudishwa nyumbani kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikasema asante, Daktari, nikatoka nikigonga bega kwenye fremu ya mlango.

Mchana huohuo nilikuwa Thika. Nilimkuta mwenzangu bustanini mwa hoteli, sare nyeupe na hijabu nyeusi iliyobanwa vizuri, akiwamiminia chai watalii wawili wazee waliokuwa wakiyatazama maporomoko. Anamimina bila haraka, kijiko hapa, sukari pale, tabasamu. Nilitamani kumpokonya birika. Aliniona, akaniashiria kwa macho niende nyuma ya jikoni.

Tulikaa kwenye makreti ya soda. Nilimweleza mbio mbio, nikirukaruka, ikabidi aniambie nianze upya. Nilipomaliza alishika mdomo.

"Kwa hiyo mimi nimehudhuria kukushinda?"

"Usicheke!"

"Sicheki." Alikuwa anacheka. Halafu akaacha, akaniangalia, na ikawa kama ndiyo kwanza amesikia. "Subhanallah. Ulinisainia mimi ukajiacha wewe?"

"Si ulikuwa unanipigia kila jioni!"

"Si ningekuuliza na wewe kama ningejua! Mimi nitajuaje?"

Maji yalikuwa yanavuma upande wa pili wa ukuta. Nilimwambia anachotakiwa kufanya ni kitu kidogo tu, aje kesho aandike mistari miwili na kutia sahihi. Akaniambia kesho yuko zamu, lakini atabadilishana na mwenzake. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amenieleza.

"Unajua wameniambia nikileta cheti mwaka huu wananiweka ofisini, mapokezi? Niache kubeba trei. Wamenishikia nafasi." Alikuwa akivuta uzi kwenye aproni. "Nikiharibu hapo kwa Daktari, na mimi pia nimekwisha."

"Huharibu. Ni mistari miwili."

"Sahihi je? Atalinganisha."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikatoa daftari na kalamu nyeusi, nikamwandikia jina lake jinsi ninavyoliandika, na ile sahihi yake niliyoibuni mimi, yenye mkia unaorudi nyuma. Aliitazama kwa mshangao.

"Hivi ndivyo ninavyosaini? Kama chifu mstaafu!"

"Jifunze tu, aki."

Na akajifunza. Msichana mzima wa mwaka wa nne, amekaa juu ya kreti nyuma ya jikoni, anajifunza kughushi jina lake mwenyewe. Mkia ulimsumbua. Nilimshika mkono nikamwongoza kama mtoto wa nasari, tukajaza kurasa mbili, hadi mpishi akachungulia kuuliza kama hakuna kazi leo. Nilirudi Ruiru nikiwa na zile kurasa mbili, nikazichoma kwenye jiko la mama. Mama akauliza nachoma nini. Nikamwambia madokezo ya zamani.

Ijumaa saa nne na nusu tulikuwa mbele ya Daktari, viti viwili. Mwenzangu alikuwa ametulia vile nisivyoweza mimi. Daktari alimpa karatasi. Akaandika kwamba yeye na mimi tulikuwa tukikaa pamoja safu ya pili, upande wa kushoto, kila wiki. Akatia sahihi, mkia na yote. Daktari akafungua faili, akailinganisha, akarudia kwa karatasi nyingine mbili, akaitikia kwa kichwa. Akachukua ile orodha. Niliiona penseli ikitafuta mstari wa saba. Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Jumatano.

"Na huyu alikuwa anakaa upande wako upi?" akauliza, macho bado kwenye karatasi, kama mtu anayeuliza kama kuna baridi nje.

"Kulia," nikasema.

"Kushoto," akasema mwenzangu.

Tulisema kwa pamoja. Daktari hakuwa ametaja anamuuliza nani, na hapakuwa na haja, maana majibu hayo yangeweza kuwa kweli yote mawili. Yeye kulia kwangu, mimi kushoto kwake. Lakini sisi hatukuliona hilo. Sisi tulishtuka. Tulitazamana kama wezi, mimi nikasema "ah, kushoto," na yeye wakati uleule akasema "samahani, kulia," na hapo ndipo tulipojimaliza.

"Haiya," Daktari akasema taratibu. Akavua miwani.

Kule nje mtu alikuwa anakokota meza koridoni. Daktari alimtazama mwenzangu, kwanza usoni, halafu kwenye ile hijabu, halafu akafunga macho kidogo, na nilijua anazipitia safu za mbele za ukumbi wake na hamuoni.

"Nikiwapeleka kwenye kamati," akasema, "mtarudi nyumbani wote wawili, na mimi nitakalishwa kwenye vikao hadi nizeeke. Sitaki. Mmebakiza mtihani mmoja." Akaichana ile karatasi ya ushahidi mara mbili, akaitupa. "Lakini pia sitafunika. Safu ya pili ilikuwa na mtu mmoja. Macho ninayo, najua ni nani. Ila sitaliandika mimi. Mlipindisha mkiwa wawili, mtanyoosha mkiwa wawili."

Akaiweka orodha katikati ya meza, na kipande cha karatasi tupu pembeni yake, na kalamu moja.

"Naenda kuweka maji ya moto kwenye chupa. Nikirudi nikute namba moja hapo. Hiyo itafanya mtihani Jumatatu. Nyingine itangoja mwaka ujao, na sitaki kusikia kilio koridoni kwangu."

Akatoka na chupa yake. Mlango ukajifunga.

Nataka niseme ukweli wa dakika ile, maana nimeuzungushazungusha kwa watu wengi. Sikuwaza nyanya yake. Sikuwaza tetekuwanga wala wiki tatu alizonisainia. Niliwaza kitambaa cha zambarau, na kwamba mimi nilikuwepo. Nilikuwepo! Nilivumilia joto la ukumbi ule, nilifunga waya, niliandika kila kitu. Hasira ilinipanda hadi masikioni, na sikujua ni ya nani.

Mwenzangu akanyoosha mkono akachukua kalamu.

Aliishika, akavuta kile kipande cha karatasi kuelekea kwake, akainama. Mimi nikaona mkono wake unashuka, nikaona anaandika tarakimu ya kwanza, ambayo ni ileile kwetu sote kwa sababu tuliingia kitivo kimoja mwaka mmoja, na sikungoja ya pili. Nilimpokonya ile kalamu. Niliivuta kwa nguvu hadi ikamchora mstari mweusi kwenye kiganja. Nikaandika namba yangu yote, kubwa, nikaipigia mstari chini, nikailaza kalamu upande wangu wa meza na kuweka mkono juu yake.

Hakunizuia. Alikuwa anausugua ule mstari kwa kidole gumba.

Daktari alirudi, akasoma, akaitikia. Akaifuta namba yangu kwenye orodha na kuandika ya mwenzangu mahali hapohapo, mstari wa saba. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Haya, nendeni," na akaanza kujimiminia chai.

Koridoni tulitembea hadi kichwa cha ngazi. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga kama wakili: kwamba ni haki, kwamba hata yeye anajua ni haki, kwamba mwaka ujao nitamsaidia kusoma. Nikafungua mdomo.

"Hata hukuniuliza," akasema.

"Nikuulize nini? Nilikuwepo mimi. Ulikuwa unaandika namba yako."

Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma, maana mimi nilikuwa nayo ya kutosha watu wawili.

"Ilikuwa yako," akasema. "Tangu jana nilijua ikifika hapo nitaandika yako. Nyanya nimeshamwambia."

Nikamwambia anisamehe. Nilisema mara mbili, mara ya pili kwa sauti hadi watu waliokuwa wanapanda ngazi wakatutazama.

"Ya nini? Namba ni yako, na umeiandika mwenyewe." Akaangalia saa. Zamu ya mchana ilikuwa inaanza Thika, na aliyebadilishana naye alikuwa anamngoja. Akashuka ngazi, kiganja bado kina wino, na mimi nikabaki pale juu nimeishikilia kalamu ya Daktari. Sijui niliitoa saa ngapi mle ofisini.